Kiti cha Mlangoni: Kwaheri kwa Mama Tuko-Wapi

"Kozi ile ni misemo tu. Misemo yenyewe inaenea kwenye karatasi moja. Tuichapishe, tuwagawie wanafunzi, mambo yaishe."

Hayo ni maneno ya Naibu Mkuu wa Taaluma wa chuo chetu. Aliyatamka mwezi uliopita mbele ya Baraza la Taaluma, nikiwa nimeketi viti viwili kutoka kwake, kwa hiyo asiseme nimemsingizia. Kozi aliyokuwa akiizungumzia ni ile ya Uwasilishaji wa Mada kwa Kiingereza, inayofundishwa katika Chumba Namba Tisa. Mwalimu wake, ambaye ni yule yule tangu kozi ianze, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya kukitumikia chuo hiki miaka thelathini na moja. Alhamisi ijayo Baraza litapiga kura. Ama nafasi yake itatangazwa apatikane mtu wa kuishika, ama kozi itafungwa na Chumba Namba Tisa kitakuwa stoo ya viti vilivyovunjika.

Naibu amekosea, na nitaonyesha alipokosea. Lakini mhariri wa jarida hili aliniomba wasifu wa kumuaga mwenzetu, hakuniomba vita, kwa hiyo nitajaribu kufanya yote mawili bila kupaza sauti. Ingekuwa rahisi zaidi kama wiki iliyopita nisingemkuta karani wa stoo akipima upana wa mlango wa Namba Tisa kwa futi kamba, huku kipindi kinaendelea ndani.

Kwa heshima ya anayestaafu, nitawaambia mapema tunakokwenda. Nitaanza na alivyofika hapa, niende kwenye anavyofundisha, kisha nitawapeleka kwenye siku ambayo karatasi ya Naibu ilijaribiwa kweli, maana iliwahi kujaribiwa. Mwisho nina jambo ninalolitaka, na ninaotaka walifanye watajijua.

Tuanze. Wanafunzi humwita Mama Tuko-Wapi. Bawabu naye humwita hivyo, na mpishi wa kantini, na hata mumewe siku akichokozeka. Jina lilitokana na swali lake. Mtu akizungumza mbele yake na uzi ukakatika, yeye huuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama abiria anayemuuliza mwenzake wa dirishani, "Tuko wapi?" Haulizi kwa kejeli. Anataka kujua.

Alipoajiriwa alikuwa msichana mwembamba mwenye shahada mpya na sauti kubwa kuliko mwili. Alipewa kazi ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza kwenye ripoti za wanafunzi wa sayansi, kazi ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa ya watu wasio na bahati. Aliifanya miaka miwili bila kunung'unika sana. Mwaka wa tatu chuo kilimpeleka nje kusoma mada kwenye kongamano, kwa kuwa aliyepaswa kwenda alikuwa ameugua. Kongamano hilo ndilo lililomfanya awe alivyo, naye hulisimulia kila mwaka kwa wanafunzi wapya bila kulipamba.

Mada yake ilikuwa nzuri. Alisimama, akainamisha kichwa juu ya karatasi zake, akasoma. Kiingereza kilikuwa sahihi kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mpaka leo anasema hajawahi kuandika sentensi safi kama zile. Alipoinua kichwa, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Wa mwisho kutoka alikuwa mzee mmoja mwenye sweta, aliyekuwa akinyata kuelekea mlangoni huku ameinama, viatu vinalia, uso umejaa haya. Mzee akageuka, wakatazamana, akamwashiria kwa mkono kama anayeomba radhi, kisha akatoka.

"Wenzangu waliniambia watu wale hawana adabu," huwaambia wanafunzi. "Lakini mimi nilimwona yule mzee usoni. Hakuwa amechoka, wanangu. Alikuwa amepotea. Na ramani nilikuwa nayo mimi, nimeikalia."

Akarudi, akaomba chumba kimoja na saa mbili kwa wiki. Alipewa Namba Tisa kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Kiko mwisho wa ukumbi wa kupitia wa ghorofa ya chini, kati ya choo cha wafanyakazi na ngazi, na dirisha lake linatazama ukuta. Mlango wake una bawaba inayolia. Kumbukeni bawaba hiyo.

Sasa anavyofundisha. Mwanafunzi husimama mbele na kuwasilisha mada yake kwa Kiingereza, wenzake wakiwa kwenye madawati. Mama Tuko-Wapi haketi mbele na kalamu nyekundu kama sisi wengine. Huketi nyuma kabisa, kwenye kiti cha mbao kilichowekwa kando ya mlango, mkoba mapajani. Anasikiliza. Akipotea mara ya kwanza, huuliza swali lake. Akipotea mara ya pili, hasemi kitu. Husimama, hufungua mlango, bawaba inalia, naye hutoka na kusimama ukumbini pamoja na harufu ya sabuni ya chooni. Hapo kazi inakuwa ya mwanafunzi: amrudishe. Haruhusiwi kwenda kumshika mkono. Lazima amrudishe kwa maneno, na kwa sauti ya kufika nje: tulianzia wapi, tumepita wapi, sasa tuko wapi, tunaelekea wapi. Mama akielewa, bawaba inalia tena, anaketi, kazi inaendelea.

Fundi seremala wa chuo aliwahi kuja na kopo la mafuta akitaka kuinyamazisha bawaba ile. Alifukuzwa.

"Usiniulie msaidizi wangu," Mama alimwambia. "Huyo ndiye anayewajulisha kwamba wameshampoteza mtu."

Fundi aliondoka akilalamika kwamba maishani mwake hajawahi kuombwa asitengeneze kitu.

Somo la kwanza la kozi halina Kiingereza hata chembe. Humwambia kila mwanafunzi: nielekeze njia ya kutoka geti la chuo hadi kwenu, kwa lugha unayoiotea ndoto. Na vijana ambao jana walishindwa kuunganisha aya mbili za ripoti ya maabara huanza kuongea kama madereva wazoefu. Ukitoka getini, fuata ukuta. Ukiona duka la dawa, ujue uko nusu ya njia. Hapo usikate kulia, wengi hukosea hapo. Ukishapita gereji umebakiza kidogo, sasa tafuta mlango wa bluu. Mama huwaacha wamalize, kisha huwaambia kwamba kozi wameshaijua. Kilichobaki ni kuvivalisha vibao vyao vya njiani nguo za Kiingereza.

Nguo zenyewe anazitaka nyepesi. Hapo ndipo misemo ya Naibu inapoingia, na sikatai kwamba ipo. Kuna wa kufungulia, "Let me start with", yaani nianze na hili. Kuna wa kuvukia, "This brings me to", yaani hili linanileta kwenye lile. Kuna wa kurudi nyuma, wa kutoa mfano, wa kuwaelekeza watu kwenye picha ya ukutani, wa kukusanya yaliyosemwa. Mtoto wa sekondari anaweza kuikariri yote kati ya chakula cha mchana na cha jioni, na Mama mwenyewe ndivyo anavyosema. Anachokifundisha ni lini. Lini msikilizaji anahitaji kushikwa mkono, na lini anataka umwachie atembee mwenyewe. Bado sijaona karatasi ambamo hilo linaenea.

Mkali alikuwa kwa msemo mmoja kuliko yote, ule wa mwisho. Mtu akitamka "To sum up", yaani kwa kumalizia, yeye hutia mkoba begani. Umesema unamaliza, maliza. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi alitangaza mwisho mara tatu ndani ya mada moja. Mara ya tatu alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu na Mama alikuwa kantini anakunywa chai. Tabia hiyo ilimfuata hadi nje ya darasa. Miaka kadhaa iliyopita Mkuu wa Chuo, mzungumzaji hodari lakini asiye na breki, alisema "kwa kumalizia" kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, kisha akavuta pumzi na kufungua ukurasa mwingine. Mama, bila hata kukusudia, alitia mkoba begani akasimama. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliopita mikononi mwake, makarani, wakutubi, wahadhiri vijana. Nao wakasimama. Viti vikakwaruza sakafu safu baada ya safu. Mkuu alitazama ukumbi, akatazama ukurasa wake, akasema, "Basi, asanteni," akaketi. Anayekumbuka mkutano mwingine wa chuo hiki uliokwisha kwa wakati na anitajie.

Hakukosa wapinzani tangu mwanzo. Mhadhiri mmoja mzee wa fizikia, sasa amestaafu na ni rafiki yake mkubwa, alipita akitangaza kwamba hoja nzuri hujieleza yenyewe na kwamba vibao ni vya watu wasio na la kusema. Mama hakubishana naye. Alimwalika aje kukalia kiti cha mlangoni asubuhi moja. Mzee akaja, amekunja mikono. Alimvumilia mwanafunzi wa kwanza. Kwa wa pili alianza kutazama dari, kisha saa, kisha akasimama mwenyewe bila kuambiwa na bawaba ikalia. Tulimsikia ukumbini akijisemea, "Lakini hii ni kazi yangu! Huyu anaeleza utafiti wangu mimi!" Kijana alikuwa msaidizi wake wa maabara. Mzee alikuwa amepotea ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Muhula uliofuata alileta wanafunzi wake wote Namba Tisa, na yeye akaomba nafasi dawatini.

Lakini wasifu unaomfanya mtu malaika hausomwi, hubandikwa tu ukutani. Mama Tuko-Wapi ana kichwa kigumu, na miaka ya mwanzo kule kutoka kwake kulikuwa kukali mno. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu wa sauti ndogo, alisikia bawaba ikilia akadhani aliyefukuzwa ni yeye. Alikusanya karatasi zake, akapita mlango ule ule, akampita mwalimu wake ukumbini huku machozi yanamtiririka, na hakurudi tena kwenye kozi. Wapo walimu ambao wangesema binti ni legelege. Mama alikaa na jambo lile muhula mzima, hata chai hakuja kunywa nasi. Aliporudi alikuwa amebadili utaratibu. Tangu hapo, kabla mwanafunzi yeyote hajasimama, yeye mwenyewe ndiye huwasilisha kwanza, na kiti cha mlangoni huwa cha wanafunzi. Wanaruhusiwa kumtoka. Na wanamtoka! Huondoka mmoja mmoja kwa furaha kubwa, bawaba inalia kama kuku aliyekanyagwa, na yeye hubaki mbele akiwaita: "Rudi baba, hapo nilikuruka. Na wewe mama, njoo, turudi kwenye lile la pili." Sijasikia tena habari ya mtu kulia.

Mimi na yeye, niseme wazi, hatukukubaliana hata siku moja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimeandika mahali pengi, wengine wamesema mahali pengi mno, kwamba ni kichekesho mtu wa hapa kusimama mbele ya watu wa hapa akawaeleza udongo wa hapa kwa Kiingereza. Nilimwambia hivyo kwenye chumba cha walimu, tena na tena, chai ikipoa. Siku moja nilifika mbali zaidi nikamwambia anawafundisha watoto wetu kuomba radhi kwa ufasaha. Wenzetu walisubiri mlipuko. Yeye aliongeza sukari.

"Mwalimu," akasema, "hiyo vita ni yako, na siku ukishinda nitakuja kukupigia vigelegele. Lakini mimi nina mtoto anayesimama mbele ya watu Jumatatu. Nimwambie angoje ushindi wako?"

Wenzetu walicheka, nami nikacheka, na msimamo wangu bado ni ule ule. Ila ninachokiona darasani kwangu ni hiki: waliopita Namba Tisa huwasilisha vizuri zaidi kwa Kiswahili pia. Nawatambua kabla hawajamaliza sentensi ya pili. Wenzao hutazama karatasi. Wao hutazama watu.

Tuko wapi? Tumeona alivyofika, tumeona anavyofundisha. Sasa twende kwenye karatasi ya Naibu.

Miaka sita iliyopita Mama alifanyiwa upasuaji wa goti, akakaa nyumbani muhula mzima. Idara ya kozi za chuo kizima, ambayo wakati huo iliongozwa na Naibu wetu wa leo, haikutafuta mtu wa kumshikia nafasi. Ilichapisha misemo kwenye kadi ngumu ya manjano, nzuri kabisa, imefunikwa plastiki, na kila mwanafunzi akapewa yake. Kwa hiyo wazo alilolileta mbele ya Baraza si jipya. Lina umri, na lina historia.

Historia yenyewe ni Siku ya Mada, siku ambayo Mama ndiye aliyeianzisha, wanafunzi wanapowasilisha mbele ya wageni kutoka vyuo vingine. Mwaka ule wageni waliketi mbele kama kawaida, mapazia yamefungwa, projekta inawaka. Mwasilishaji wa kwanza alianza na msemo wa kwanza wa kadi. Wa pili naye akaanza nao. Wa tatu alipofungua kinywa, mgeni mmoja alitamka maneno yale pamoja naye, midomo tu, bila sauti. Kijana wa kilimo alitangaza kwamba anasogea kwenye hoja inayofuata, akasogea, akasogea tena, na hoja ikabaki ile ile ya mbegu.

Kisha umeme ukakatika. Projekta ikazimika, ukuta ukarudi kuwa ukuta. Binti aliyekuwa mbele aliiinua kadi karibu na macho, akaona zamu ni ya msemo wa picha, akanyoosha mkono gizani na kusema, "As you can see." Kama mnavyoona. Hakuna aliyekuwa akiona kitu. Akaendelea kutueleza grafu, mstari mwekundu unapanda, wa bluu unashuka, mpaka mhudumu alipovuta mapazia tukamkuta amenyoosha kidole kwenye picha ya Mkuu wa Chuo.

Tulicheka, na sikuipenda sauti ya kicheko chetu. Binti yule hakuwa mjinga. Takwimu zake zilikuwa bora kuliko za wote siku ile. Aliambiwa maneno ya kusema, hakuwahi kuambiwa atazame nani anayasikia, na muhula mzima hakuna mlango uliolia kumjulisha. Wageni walikuwa wameshatoka zamani. Miili tu ndiyo iliyobaki vitini.

Sasa mlinganishe na muuguzi mmoja aliyekuja kwetu kusomea shahada ya pili baada ya kufanya kazi wodini miaka mingi. Yeye alipita Namba Tisa kabla ya upasuaji ule. Kiingereza chake kilikuwa cha kuandikia maelezo ya wagonjwa, kifupi na kikavu. Baadaye alialikwa kwenye mkutano mkubwa nje ya nchi kuzungumzia namna ya kufunga vidonda vya moto vya watoto. Katikati ya mada karatasi zake zilianguka chini ya meza zikachanganyika. Hakuinama kuziokota. Alinieleza mwenyewe alichokifanya: alitafuta mlango wa ukumbi kwa macho, akaona kando yake kiti kimoja kitupu, akaanza kuongea na kiti. Alisema, kwa Kiingereza chepesi ambacho mtoto angekielewa: nimepoteza mahali pangu, ngoja nirudi tulipokuwa, tumeshasafisha kidonda, sasa tunataka kukifunika, na hapa ndipo mtoto anapoogopa.

"Waliinama mbele wote, Mwalimu," aliniambia. "Ukumbi mzima. Nikajua Mama bado ameketi."

Nimeitafuta kadi ya manjano nikaikagua mbele na nyuma. Msemo "Nimepoteza mahali pangu" haumo.

Nimebakiza moja kabla ya kumuaga, nalo linamhusu Naibu mwenyewe. Alipokuwa akilishawishi Baraza mwezi uliopita, alisema ana sababu tatu. Akataja ya kwanza, bajeti, akaifafanua. Akasema hiyo inatuleta kwenye ya pili, uhaba wa vyumba. Hapo mwenzetu wa maktaba alikunja uso. Naibu akamwona, akasita. "Nadhani hapa nimewaruka," akasema. "Ngoja nirudi nyuma kidogo." Akarudi, akatuchukua, tukaenda naye pamoja hadi ya tatu. Alipofika mwisho alisema anamaliza, na akamaliza. Ilikuwa hotuba iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye chumba kile. Nusu ya Baraza ilikuwa tayari kunyoosha mikono pale pale.

Naibu, ulijifunza wapi hayo? Wakongwe wote wa chuo wanajua. Ulikuwa mhadhiri msaidizi wa botania, mwenye haya, uliyezoea kuongea na ubao, na ulikuwa na ujasiri wa kwenda kuketi Namba Tisa muhula mzima pamoja na wanafunzi wako mwenyewe. Wenye ofisi za karibu bado wanakumbuka sauti yako ikipita ukumbini: "Mama, rudi! Bado sijafika kwenye majani!" Nalitaja hilo kwa heshima. Wengi wetu tusingethubutu. Lakini siku zile hakuna aliyekupa karatasi ukaenda nayo bwenini. Ulipewa mtu anayetoka akikosa kukuelewa, na anayerudi ukimwita vizuri.

Yeye mwenyewe hajaomba lolote. Nilipomuuliza anaionaje kura ya Alhamisi, alikuwa akifuta ubao, na hakugeuka.

"Mimi naondoka, hilo halina mjadala, goti limeshaamua," alisema. Akafuta kona ambayo ilikuwa safi tayari. "Kile kiti tu. Nisingependa kusikia hakina mtu."

Kisha akaniuliza habari za watoto wangu, na nilijua hataki tuendelee.

Nyumbani wanajiandaa kumpokea, kila mtu kwa namna yake. Mumewe, fundi bomba, anasema ana wasiwasi. Kwake, analalamika, huwezi kusimulia hata habari ya bomba lililopasuka mtaa wa pili bila kuulizwa tuko wapi, na mpaka sasa alikuwa akiulizwa jioni tu. Kuanzia mwezi ujao ni kutwa. Mjukuu wake wa kike, ambaye bado hajaanza shule, juzi alisimama mbele ya bibi yake, mikono nyuma, akatangaza kwamba ana mambo mawili ya kusema: la kwanza kikombe, la pili kimevunjika. Bibi alishindwa kumkaripia. Alikuwa ameelewa kila kitu.

Mama, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila mtu wa chuo hiki aliyewahi kusimama mbele ya wageni na akajua afanye nini uso wa mtu ulipokunjamana. Tunakushukuru kwa saa zote ulizosimama ukumbini kando ya choo, ukingoja kuitwa, bila kuchoka kungoja. Tunakuombea miaka mingi isiyo na ratiba, goti lisilokusumbua ngazini, na watu wa nyumbani ambao wakisema wanamaliza, wanamaliza.

Nami namaliza, mkoba unaweza kupanda begani. Maneno haya ni kwa wajumbe wa Baraza la Taaluma, na kwako Naibu kabla ya wote. Kipindi cha mwisho cha Namba Tisa ni Jumanne, saa nne asubuhi. Njooni. Naibu, simama mbele ya darasa uwaeleze wanafunzi wale kwa nini wao ndio wawe wa mwisho. Zungumza Kiingereza ukipenda, au Kiswahili, ambacho kitanifurahisha zaidi. Njoo na kadi ya manjano kama bado unayo. Mama atakuwa kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Ukifika mwisho wa maelezo yako naye bado ameketi, Alhamisi fungeni kozi, na mimi sitaandika tena hata mstari juu ya jambo hili. Bawaba ikilia, mwite arudi kama ulivyokuwa ukimwita zamani. Atarudi, maana bado ni wetu hadi tarehe thelathini. Baada ya hapo hamtamwita mtu mkaitikiwa, mpaka mtangaze nafasi. Itangazeni.